Kamba Hukata Jiwe: Mwongozo Kamili wa Kubuni Watu wa Jangwani, Makundi Yao, Hulka na Mila Zao

Mzee mmoja barazani kwetu, hapa Mjini Unguja, ndiye aliyeniharibia hadithi yangu ya kwanza ya watu wa jangwani, na mpaka leo namshukuru. Ilikuwa baada ya alasiri, kahawa inazunguka, mimi nasoma rasimu kwa sauti. Nikafika kwenye sentensi niliyoitunza kuliko zote: "Walikuwa watu wakali lakini wakarimu, wapenda uhuru." Mzee alikuwa anapanga kete zake za bao, wala hakuinua uso. "Mwanangu," akasema, "hao watu wako maji anawachotea nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewapa majambia, vilemba vya buluu, farasi na nyota za usiku. Ndoo sikuwapa.

Mwongozo huu umetoka kwenye swali lile. Ni wako wewe unayeandika hadithi, mchezo wa redio, katuni au mchezo wa kompyuta, na unataka kabila la kubuni linaloishi jangwani, lenye makundi mbalimbali ndani yake, kila kundi na hulka yake na desturi zake. Nitakupitisha hatua kwa hatua kama ninavyofanya mwenyewe. Hatua nyingine ni ndefu, nyingine utaimaliza kabla chai haijapoa.

Kwa mfano nitatumia watu wangu wa kubuni, Wahari. Mwanzo niliwaita Wakame, kwa ajili ya ukame, mpaka binti wa shangazi yangu, anayelima mwani Paje, akacheka akaniambia Wajapani wana mwani wa kula unaoitwa hivyohivyo. Jina likafa siku hiyo. Kwahivyo kabla ya yote, jina ulilobuni lisome mbele ya watu wa kazi tofauti.

Hatua ya kwanza: lijue jangwa kabla hujaweka mtu ndani yake

Sisi wa visiwani tumezoea mvua kiasi kwamba hatuioni. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na Pemba huizidi. Jangwa, kwa hesabu ya kawaida ya wanajiografia, ni pahala panapopata chini ya milimita 250. Mwezi mmoja wa masika yetu, Aprili peke yake, waweza kumwaga zaidi ya anachokipata mtu wa jangwani mwaka mzima. Ukiandika jangwa huku paa la bati linapigwa na masika, jihadhari. Mkono utateleza na utaotesha majani pasipostahili.

Toa pia mchanga kichwani. Sehemu kubwa ya Sahara ni mawe, changarawe na uwanda mgumu; vilima vya mchanga ni sehemu ndogo tu. Ukitaka mguu wako ukufundishe, nenda maweni, kule mashariki ya Unguja kati ya Jambiani na Makunduchi, saa saba mchana mwezi wa Januari. Si jangwa, lakini ardhi ni mwamba wa matumbawe, udongo umejificha kwenye nyufa, na mtu analima pale mwamba unapomruhusu.

Mambo machache ya kuweka kwenye daftari. Mtu anayetembea kwenye jua la jangwa anaweza kuhitaji lita 8 hadi 10 za maji kwa siku. Nundu ya ngamia ina mafuta, haina maji. Ngamia mwenye kiu hunywa kiasi cha lita 100 kwa muda wa robo saa hivi, na anaweza kupoteza robo ya uzito wake kwa kiu akabaki hai, hali ambayo mwanadamu hafiki. Usiku wa jangwani ni wa baridi, kwahivyo watu wako wanahitaji mablanketi kuliko majambia. Na mvua inaponyesha mbali, bonde kavu hugeuka mto kwa dakika chache. Watu hufa maji jangwani, na mwandishi anayelijua hilo ana kisa tayari mkononi.

Hapa mjini zamani ngamia walikuwepo, wakizungushwa vinu vya kukamulia mafuta ya ufuta, macho yamefungwa kitambaa. Wazee wa barazani wakisema ngamia, huyo ndiye wanayemkumbuka: mnyama anayetembea siku nzima asifike popote.

Sasa chora ramani. Weka visima vitatu tu: kimoja cha maji matamu, kimoja cha maji ya chumvichumvi kama visima vingi vya pwani yetu, na kimoja kinachokauka. Umbali baina yao uandike kwa siku za safari. Msafara wa ngamia wenye mizigo huenda kiasi cha kilomita 30 hadi 40 kwa siku. Andika "siku nne bila maji" katikati ya ramani na uache hapo. Hadithi yako imeshaanza.

Hatua ya pili: gawa watu kwa kazi, usiwagawe kwa tabia

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu anaandika: kundi la kwanza ni wapiganaji, la pili ni wajanja, la tatu ni wachamungu. Hizo ni sare za skuli tu. Anza na kazi, na ndani ya kazi anza na maji: nani anashika kamba ya ndoo?

Nikuonyeshe nilichokiona mwenyewe. Wiki moja maji yalikatika mtaani kwetu, ukabaki mfereji mmoja tu unaotoa, tena alfajiri. Madumu yalipanga foleni tangu usiku, yenyewe, wenyewe wamelala. Kila dumu lilikuwa na alama yake: kipande cha kanga, kamba nyekundu, herufi kwa rangi ya mlango. Saa kumi na moja bibi mmoja anayekaa karibu na mfereji alitoka na mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia. Hakuteuliwa na mtu, lakini ndiye aliyejua dumu lipi la nani, nani ana mgonjwa, nani ana shughuli. Kijana wa mkokoteni, anayechota maji ya kuuza, alimwamkia shikamoo mara mbili na mkate wa kumimina mkononi. Bibi aliupokea mkate, akasema marahaba, na dumu la kijana halikusogea hata shubiri. Akaja mama mwenye mtoto mchanga, hakusema neno. Bibi alionyesha kwa kidevu tu, na foleni ikafunguka.

Siku tatu, na mfereji ule ulikuwa na cheo, sheria, kesi na masengenyo yake. Wape watu miaka mia tatu penye kisima kimoja uone watakachojenga.

Walimwengu wamejenga mengi. Waborana wa kusini mwa Ethiopia wana visima virefu wanavyoviita tula. Wanaume husimama kwa mnyororo kutoka chini mpaka juu, wakipokezana ndoo huku wakiimba, na yupo mtu, aba herega, ambaye kazi yake ni kupanga zamu: ng'ombe wa nani wanywe leo, wa nani wangoje. Oman, ambako wengi wetu tuna ami na khaloo, wana mifereji ya kale ya maji, mingine ikipita chini ya ardhi, iitwayo falaj; mitano kati ya hiyo iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Huko fungu la maji ni muda. Kipimo chake kimoja, athar, ni kiasi cha nusu saa, na kabla ya saa za mkononi walikipima kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Hebu fikiria mtu anayerithi nusu saa ya maji. Anaweza kuiuza, kuikodisha, kugombana na nduguye kwa ajili yake. Hulka ya mtu huyo haifanani na ya mchunga ngamia, na hukuhitaji kuandika kwamba huyu ni mkali na huyu ni mpole.

Wahari wangu niliwagawa hivi. Watu wa Kamba hukaa penye visima virefu na hawahami. Watu wa Kwato wana ngamia na hubeba mizigo ya kila mtu. Watu wa Chumvi huchimba mabamba ya chumvi pahala pasipoota kitu, kama wanavyochimba Taoudenni kaskazini mwa Mali, ambako bamba moja ni kiasi cha kilo 30 na zaidi na ngamia hubeba manne. Chakula chao chote hununua. Halafu Watu wa Moshi, wahunzi na wachuna ngozi, ambao hawana eneo. Kila kambi ina nyumba yao moja au mbili.

Barazani waliposikia "Watu wa Kamba" walicheka sana. Mmoja akauliza kama ni kamba wa kuchoma au wa kukaanga, mwingine akasema nimewatia kamba wote. Nikaliacha jina hilohilo, kwa sababu Watu wa Kwato nao wangewacheka vivyo hivyo.

Makundi manne yanatosha. Mawili yatakupa vita tu, na saba hutayakumbuka mwenyewe.

Hatua ya tatu: kila hulka ipe majina mawili

Chukua kundi, tazama kazi yake, uliza: kazi hii inamzoesha mtu nini kila siku? Mlinzi wa kisima amezoea kuombwa. Anapima, anangoja, anakumbuka. Neno moja analolisema leo litamfunga mwaka kesho, kwahivyo anasema kidogo. Sasa tafuta majina mawili ya jambo hilohilo: wanaloliita wenyewe, na wanaloliita majirani. Watu wa Kamba husema wana subira. Watu wa Kwato husema ni mabahili, "wanakuhesabia hata jasho". Watu wa Kwato nao husema wana moyo mkunjufu, wanagawa walichonacho kwa sababu kesho hawapo hapa. Watu wa Kamba husema ni watu wa ahadi za upepo. Watu wa Chumvi wanajiona wakweli. Wengine wanawaona wakavu, hawajui utani. Ukikaa miezi shimoni na wenzio walewale sita, maneno ya kupamba huisha.

Mbona jambo hili tunalijua? Sisi wa mjini tuna maneno yetu juu ya watu wa shamba, na wao wana yao juu yetu, na Unguja na Pemba zina vijembe vyao ambavyo sitaviandika hapa maana nina wakwe pande zote mbili. Hakuna kijembe hata kimoja kilicho ukweli kamili, lakini kila kimoja kinakuambia msemaji anaogopa nini. Hivyo ndivyo utavitumia: weka sifa mdomoni mwa jirani, usiiweke mdomoni mwako wewe mwandishi. Siku utakapoandika wewe mwenyewe kwamba "Watu wa Kwato ni wadanganyifu", umeacha kusimulia, umeanza kusengenya.

Kisha kila kundi lipe mtu mmoja anayeikana hulka yake. Mtu wa Kamba mwenye mkono wazi ana hadithi nzima ndani yake, maana ukarimu wake unawagharimu ndugu zake maji.

Hatua ya nne: mgeni anafika

Hii ndiyo hatua tajiri kuliko zote, na ukiwa na siku moja tu ya kufanya kazi, ifanye hii.

Desturi ya kweli ina sehemu inayoonekana na sehemu inayojulikana na wenyeji tu. Tazama yetu. Ukipita penye watu wanakula, watakuambia "Karibu!" nawe utajibu "Starehe!" na utapita zako. Mgeni aliyefika jana atadhani amealikwa, atakaa. Lakini wakati mwingine karibu ile ni ya kweli, na mwenyeji anaijua kwa mambo matatu madogo: mtu amesogea mkekani, sahani imesukumwa, jina lako limetajwa. Piga hodi mara tatu, usipoitikiwa ondoka. Hilo nalo kila mtoto wa hapa analijua bila kufundishwa. Watu wako wa jangwani wanahitaji vitu vya namna hii, vidogo, vya mkono na jicho.

Kwa Mabedui, wahamaji wa Uarabuni, mgeni hupewa siku tatu bila kuulizwa anatafuta nini. Kahawa hutiwa kidogo kwenye kikombe, na kikombe kikijazwa pomoni mgeni mwenye akili anajua maana yake si mapenzi. Akitosheka hukitikisa kikombe kwa kifundo cha mkono. Asipokitikisa atatiwa mpaka kesho. Kwa Watuareg wa Sahara chai ni ya duru tatu, majani yaleyale, kila duru tamu kuliko iliyotangulia, na kuondoka kabla ya ya tatu ni utovu wa adabu. Na kwao wanaume ndio wafunikao uso kwa kilemba kirefu, hasa mbele ya wakwe na watu wa kuheshimiwa, wakati wanawake kwa kawaida huacha nyuso wazi. Ukiwaza kwamba kila desturi ya jangwani utaikisia kutoka kwenye filamu, anza kwa kulikumbuka hilo.

Mfano wa kazi yenyewe. Tuna methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikaipeleka kwa Wahari, ikakataa. Jembe jangwani la nini? Nikakaa nayo siku mbili, nikaanza kuuliza kila kundi kivyake. Watu wa Kamba: siku ya tatu mgeni hupewa kamba, achote zamu moja ya usiku pamoja nao, na mikono yake ikitoka malengelenge huitwa kwa jina lake badala ya "mgeni". Watu wa Kwato hawana siku ya tatu. Wanahama, kwahivyo mgeni hupewa ngamia wa kuongoza, na anayekataa anaachwa penye jivu. Watu wa Chumvi hawapokei mgeni kabisa mpaka awe ameleta chakula chake, na wengine wote huwasema kwa hilo, bila kukumbuka kwamba kule shimoni mdomo mmoja zaidi ni siku moja pungufu ya uhai wa watu sita. Watu wa Moshi hawawi wageni popote na hawawi wenyeji popote. Methali moja imenipa desturi nne na kinyongo kimoja.

Fanya hivyo na methali tano unazozipenda. Ile inayokataa ndiyo yenye faida.

Hatua ya tano: deni, nyama na wakwe

Jamii isiyo na deni haina hadithi. Wagabra wa kaskazini mwa Kenya, upande wa jangwa la Chalbi, hukopeshana ngamia jike: aliyekopeshwa anakamua maziwa, lakini ngamia na uzao wake hubaki mali ya mwenyewe. Kwahivyo tajiri ana ngamia wachache kambini kwake na ngamia wengi kwenye midomo ya watu, na ukame ukiua mifugo ya upande mmoja, ya upande mwingine imebaki. Ukimwona mtu amekopesha ngamia kumi usiseme ni mkarimu tu. Amenunua bima, na amenunua watu kumi wa kumtetea penye kesi.

Wasan wa Kalahari wana jambo lililonishinda kwa uzuri wake. Mwindaji akiua mnyama mkubwa, wenzake humdharaulia nyama ile: mbona kakondeana, tumetembea njia yote hii kwa mifupa? Naye mwenyewe hukubali kwamba si kitu. Shabaha ni kumpoza moyo asije akajiona bwana wa wenzake. Tena nyama huhesabiwa ya mwenye mshale, naye mara nyingi si yule aliyeupiga. Ukichukua desturi kama hii, usiinakili. Chukua sababu yake, yaani hofu ya mtu mmoja kuwa mkubwa, uwape watu wako njia nyingine ya kuitibu. Wahari humtukana anayegundua kisima kipya. Humwita "mla udongo" mwaka mzima, naye huitikia.

Ndoa sitaikalia sana. Uliza mambo mawili: nani anahama nyumba, na nani haruhusiwi kula mbele ya nani. Majibu yakitofautiana baina ya makundi, ndoa ya mchanganyiko itajiandika yenyewe. Mtu wa Kwato aliyeoa kwa Watu wa Kamba ni mume asiyejua kukaa, kwenye nyumba isiyojua kuondoka.

Hatua ya sita: watengenezee pa kugombania

Makunduchi, kila mwezi wa Julai, kuna Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vigogo vya mgomba, wanamwagana hasira za mwaka, kibanda kidogo huchomwa moto, wanawake huzunguka na nyimbo zao ambazo hazimpambi mtu. Halafu ni kula na kuvaa vizuri, na kila nyumba inataka kuwa na mgeni. Vigogo vya mgomba vinauma lakini havivunji mfupa. Aliyevichagua alijua alichokifanya.

Watu wako nao wanagombana, na jangwani ugomvi wa kweli ni mauti, maana huwezi kumfungia mtu kisima bila kumuua. Kwahivyo tafuta kigogo cha mgomba chao. Nani anapigana, kwa kitu gani kisichoua, siku gani, na nani anaruhusiwa kusema lolote? Kwenye kundi moja fanya mashairi ya kejeli, kwenye jingine mbio za ngamia. Mtani wa msibani, yule anayeingia kwenye matanga akawachekesha wafiwa na asikasirikiwe, ni cheo cha kweli kwetu Afrika Mashariki. Kwa Wahari nimewapa Watu wa Moshi. Watuareg wana jambo la karibu na hilo: wahunzi wao, inadan, hudharauliwa na mabwana lakini wana uhuru wa kusema na kudai ambao mabwana hawana, na hutumwa kupeleka posa na kusuluhisha. Dharau na uhuru kwa mtu mmoja: hapo tia kalamu.

Hatua ya saba: sugua bahari kwenye lugha yako

Hatua hii hautaiona kwenye miongozo ya wengine, kwa sababu wengine hawaandiki kwa Kiswahili. Lugha yetu imelowa. Tunasema mambo yamekwenda mrama, na hilo ni yumbo la chombo. Tunatia nanga, tunapakua shehena, tunangojea maji yajae na yapwe, mfa maji haachi kutapatapa, maji yakimwagika hayazoleki. Kijana wangu wa Kwato, aliyezaliwa mahali pasipo hata kidimbwi, katika rasimu ya kwanza alisema "mambo yetu yanakwenda mrama" na mimi sikuona kitu. Binti yangu wa skuli ndiye aliyeona.

Pitia rasimu yako na kalamu nyekundu. Kila neno la bahari mdomoni mwa mtu wa jangwani lipigie mstari. Mengine yatabaki, maana yameshakuwa ya wote. Mengine lazima yageuzwe. Chombo kinachokwenda mrama kikawa kwangu ngamia aliyechomoka hatamu. Maji yakimwagika hayazoleki nikaiacha, lakini nikaipandisha cheo: kwetu husemwa kwa kikombe kilichopinduka, kwao husemwa kwa mauaji.

Nyingine zimekuwa zikiwangoja muda wote. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kijijini kwa bibi yangu, upande wa kusini, kuna kisima cha zamani ambacho hakitumiki tena. Mdomo wake ni wa jiwe la matumbawe, na umechongwa mifuo kumi na zaidi, laini kama ndani ya kikombe, kidole changu cha shahada kinaingia mpaka kifundo cha kwanza. Hakuna aliyeichonga. Ni kamba tu, na wanawake. Nilipoiona nilijua kiapo cha Watu wa Kamba: huweka kidole kwenye mfuo wa nyanya yao, wakasema wanalolisema.

Wakati pia usiusahau. Siku yetu huingia magharibi, misimu yetu ni kaskazi na kusi. Wahari hawana kusi, na miaka yao haina namba: ni mwaka wa nzige, mwaka wa kisima cha tatu, mwaka wa ngamia mweupe.

Hatua ya nane: waache wabadilike

Kwa ufupi. Leta kitu kipya kimoja tu, uone nani kinampa fedha ambaye hakuwa nazo. Kilimo cha mwani cha kuuza kilipoanza Unguja mwaka 1989, waliokishika ni wanawake wa vijiji vya mashariki, wakawa na fedha mkononi ambazo hawakumwomba mtu, na nyumba nyingi zililazimika kusema upya nani anaamua nini. Pump moja ya dizeli kwenye kisima cha Watu wa Kamba itafanya kazi hiyohiyo kwenye hadithi yako. Kamba itakuwa ya nini?

Na kama unadhani kuhama ni kwa watu wa jangwani tu, kazungumze na Wakojani wa Pemba, ambao kwa kwenda dago wamepiga kambi zao za uvuvi pwani nzima. Mke wa mtu wa dago atakufundisha juu ya nyumba za wanaohama mambo ambayo ngamia hawezi.

Hatua ya tisa: jaribu kwa ukurasa mmoja

Andika makundi mawili yakikutana kisimani. Usieleze desturi hata moja. Huu ni wangu:

*Kijana wa Kwato alisimama hatua kumi kutoka mdomo wa kisima, ngamia watano nyuma yake. Hakusalimu. Bibi wa Kamba alimwacha asimame mpaka kivuli cha nguzo kikagusa jiwe.*

*"Kamba ya baba yako ilikatika mwaka gani?"*

*"Mwaka wa nzige, bibi."*

*"Na ya babu yako?"*

*"Haikukatika."*

*Bibi akasogea kwenye kigoda chake, nusu shubiri. Kijana akashusha pumzi, akafungua hatamu za ngamia wawili.*

Mpe mtu asiyejua lolote asome, umuulize: kwa nini wawili? Akikupa jibu lolote lenye maana, hata kama si lako, desturi imesimama. Akisema "sijui, labda jangwani ndivyo walivyo", rudi hatua ya pili.

Mimi niliusoma barazani, pahala palepale. Yule mzee safari hii aliinua uso. Akaiweka kete aliyokuwa ameishika, akanywa funda la kahawa.

"Na wale watatu," akasema, "amewarudisha kwa baba yake, au amewaacha pale wakiwasikia wenzao wanakunywa?"

Nikafunga daftari nikaenda zangu nyumbani kuandika.